Malalamiko ya Mwenye Duka la Dobi Aliyebaki Bila Cheti

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Masomo ya Mtandaoni kwa Watu Walio Kazini,
Chuo Kikuu.

Mkuu mheshimiwa, pamoja na walimu wako wote ambao mimi nimewaona kuanzia kifuani kwenda juu,

YAH: KUWA NA MAMENEJA WANNE NA KUKOSA WA KUFUA

Salamu nyingi kutoka dukani. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na shati lako likiwa limepigwa pasi. Langu halijapigwa, na sababu utaiona mbele.

Mimi ni dobi. Duka langu lina mashine mbili za kufulia, moja nzima na nyingine ya kubembelezwa, meza ya pasi, kamba za kuanikia uani, na kaunta ya mbao ambayo mteja akiiegemea sana inasogea naye. Nina wafanyakazi wanne. Kwenye kaunta yupo mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayepokea nguo na kuandika risiti. Nyuma yupo Mzee Sabuni, ambaye anafua, na tulimpa jina hilo kwa sababu akikasirika anatoa povu. Kwenye meza ya pasi yupo Mama Mikunjo, mama mwenye mkono mzito na roho nyepesi. Halafu yupo kijana wa pikipiki anayepeleka nguo majumbani kwa watu. Tunamwita Breki kwa sababu hana.

Tulikuwa tunaishi vizuri. Asubuhi nilikuwa nafika, nakaa kwenye kiti changu karibu na mlango, nasema, "Jamani, mashuka ya hoteli," na mashuka ya hoteli yanafuliwa. Sikuwa najua kama huo ni uongozi. Nilidhani ni kusema tu.

Kisha mpwa wangu akaona tangazo lenu kwenye simu: ONGOZA BILA KUACHA KAZI. Akaja kuniomba ruhusa, nami kama mjomba nikampa na baraka juu. Nikasema mtoto asome. Nilidhani atasoma halafu aondoke, kama watu wanavyofanya wakishasoma. Sikujua kwamba siku hizi kuna kusoma kwa kubaki.

Sasa naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, maana nimeambiwa sina utaratibu.

1. Lugha.

Mpwa wangu alipomaliza tu somo la kwanza, Cheti cha Uongozi na Usimamizi wa Biashara, aliacha kuongea na wateja. Akaanza kuwahutubia. Fundi bomba mmoja alifuata suruali yake ya kazi. Zamani angeambiwa "haijakauka," neno ambalo kila mtu analielewa, angeenda zake akarudi kesho. Mpwa wangu akamwangalia kwa upole akasema, "Suruali yako ipo kwenye mchakato."

Fundi bomba akauliza, "Mchakato ndiyo wapi? Nipande gari?"

Akaelezwa. Akaelezwa tena kwa mchoro. Mtu aliyeambiwa haijakauka anaondoka, Mkuu, lakini aliyeambiwa mchakato anakaa kusubiri uishe. Tulishinda naye. Alikula chakula changu cha mchana.

2. Kuambukizana.

Ningevumilia kama angekuwa mmoja. Lakini Mama Mikunjo alikuja kwangu ameshika kiuno. "Bosi," akasema, "haiwezekani nikaongozwa na mtoto niliyempigia pasi sare zake za chekechea." Akajiandikisha. Mzee Sabuni naye akasema hawezi kubaki peke yake na Breki kwenye daraja la chini, akajiandikisha. Breki kusikia hivyo, na kusikia kwamba masomo yenu mtu anaweza kuyafuata popote alipo, akajiandikisha pia, na akawa anayafuata akiwa juu ya pikipiki.

Siku moja mwalimu wenu akasema kiongozi wa kweli haogopi kubadili mwelekeo. Breki akabadili, hapohapo, na mablanketi ya watu yakiwa mgongoni. Yeye alitoka mzima, tunashukuru. Mablanketi yalirudi machafu kuliko yalivyokuja, na mwenye mablanketi akapelekewa ujumbe kwamba tunajifunza kutokana na changamoto.

Basi vyeti vikafika. Wakavitia kwenye fremu wakavitundika ukutani, pale ilipokuwa orodha ya bei. Sasa mteja akiuliza kufua koti ni kiasi gani, tunakadiria. Mpwa wangu ni Meneja wa Uhusiano na Wateja. Mzee Sabuni ni Meneja wa Uzalishaji. Mama Mikunjo ni Meneja wa Ubora, Breki ni Meneja wa Usambazaji. Mgeni akiingia dukani kwangu anakuta mameneja wanne wamefunga mikono kifuani na mtu mmoja ameinama kwenye beseni.

Huyo aliyeinama, Mkuu, ni mimi.

3. Kunifanya somo.

Hapa naomba umwite mwalimu anayehusika, asome akiwa amekaa.

Mliwapa kazi ya kuandika: "Mweleze kiongozi asiyefaa ambaye umewahi kufanya kazi chini yake." Kwa mtu aliyefanya kazi benki, kisha kiwandani, kisha wizarani, hilo ni swali la haki, ana wa kuchagua. Lakini hawa wangu hawajawahi kuajiriwa kwingine kokote. Mliwapa swali lenye jibu moja! Waandishi wanne, mtu mmoja. Na wote wanne mkawapa alama za juu kabisa, Breki pamoja, ambaye kuandika anwani tu ni shida.

Nilijuaje? Niliingia chumba cha nyuma kuchukua wanga. Simu ya Mama Mikunjo ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo, darasa linaendelea, na nikasikia sauti ya mwalimu ikisema, "Sasa tumwangalie tena huyu bwana wa dobi." Tena! Kumbe hata wiki ya nyuma niliangaliwa. Nikasimama nyuma ya mapipa ya sabuni nikasikiliza. Kulikuwa na watu wa maofisini wenye tai, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, wananijadili. Mama mmoja wa benki, sauti nzuri kabisa, akasema mimi ni mfano halisi wa kiongozi anayeongoza kwa kuguna.

Nikaguna.

Sauti ya simu ilikuwa wazi. Nyuso zote zikasogea kwenye vioo. Kisha mwalimu akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege, "Huyo ndiye?"

Mama Mikunjo akajibu, "Ndiye, mwalimu."

Wakapiga makofi. Madirisha yote. Mmoja aliomba nirudie.

Nilitoka pale na wanga wangu mkononi sijui niuweke wapi. Mzee Sabuni akanifuata mpaka uani, akanishika bega. "Kijana wangu, usichukie," akasema. "Wewe ndiye uliyetupitisha sote. Mimi pale nilipokwama, nilikuwa nachungulia mlangoni nakuona, naandika." Alisema kwa mapenzi ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma, maana ukitukanwa kwa mapenzi huna pa kushika.

4. Bwana harusi.

Kijana mmoja alikuwa ametuletea suti ya harusi yake. Asubuhi ya harusi akaja kuifuata, amevaa bukta na viatu vyeusi vinavyong'aa, mpambe wake yuko nyuma amebeba maua. Suti ilikuwa imefuliwa ikakauka, lakini ilikuwa kapuni, imejikunja kama paka. Kila meneja alidhani imo kwenye eneo la mwenzake.

Watu wa kawaida hapo wangewasha pasi. Mpwa wangu aliitisha kikao cha dharura.

Walivuta viti. Mzee Sabuni akatoa hoja kwamba bwana harusi ndiye mdau mkuu, kwa hiyo si haki kumjadili akiwa amesimama. Akapewa kiti, akakaa na bukta yake. Mpambe akaombwa awe katibu, akaweka maua chini akaandika. Breki akachukua boksi la sabuni akachora juu yake mti wa matatizo, wenye mizizi na matawi, na baada ya kujadili kwa kina wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mzizi wa tatizo ni kuwa suti haijapigwa pasi.

Mama Mikunjo, kwa sauti ya ofisi, akamuuliza yule kijana, "Ukijitazama baada ya miaka mitano, unajiona wapi?"

Akasema, "Najiona nimeoa, mama, kama mtanipa suti."

Wakalipenda sana jibu hilo. Mpambe akaliandika.

Mimi yote hayo nayasikia kupitia mvuke, kwa sababu niko kwenye meza ya pasi na suti ya watu. Tangu nimwajiri Mama Mikunjo sijawahi kushika pasi. Koti nililiweza. Suruali ilinishinda, kila nikinyoosha mstari mmoja, wa pili unazaliwa pembeni, mpaka kila mguu ukawa na mistari miwili sambamba kama reli. Nikamvalisha hivyohivyo kikao kikiwa kwenye mengineyo.

Unadhani alimshukuru nani? Alimkumbatia Mama Mikunjo. Aliwapa mkono wote wanne mmoja mmoja. Akasema, machozi yakimlengalenga, "Nimetoka nyumbani nikiwa na hofu. Kila mtu kwetu anapiga kelele tangu jana. Nyinyi ndio watu wa kwanza kuniuliza nataka nini." Mimi akaniambia, "Fundi, asante," hivyohivyo, mguu ukiwa tayari nje ya mlango, halafu reli zake zikaondoka naye.

5. Matokeo ya namba nne.

Huyo kijana alisimulia ukumbini. Alisimulia kwenye maikrofoni! Sasa ukoo wa bwana harusi wote unafulia kwangu, ukoo wa bibi harusi unafulia kwangu, na wanaokuja si wote wanaotaka kufuliwa. Mama mmoja alileta foronya moja, safi, inanukia, akaiweka kaunta akauliza kama kikao kuhusu mkwe wake kinaweza kufanyika leo au mpaka ahifadhi nafasi. Ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani walikuja na soksi, kila mmoja ya kwake, wakakalishwa, wakatoka wamepatana. Soksi walisahau.

Sikatai, ni jambo jema. Lakini nguo zinaongezeka, Mkuu! Vikao ni vinne kwa siku na mfuaji ni mmoja. Mashine ile ya kubembelezwa nayo imeniona niko peke yangu, imeanza kudeka.

6. Tathmini yangu.

Wiki iliyopita niliitwa. Nasema niliitwa, dukani kwangu, nikaambiwa nikae, nikakaa juu ya ndoo kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Mpwa wangu akafungua kikao.

"Mjomba," akasema, "hili si jambo la kibinafsi. Hapa ndani mimi si mpwa wako."

Nikasema, "Vizuri. Kama si mpwa wangu, nirudishie simu niliyokununulia."

Akasema, "Hiyo tuiache nje ya kikao."

Wakanipima. Wakaniona nina nguvu katika kufika mapema na udhaifu katika kupokea maoni. Nikasimama nikasema hilo ni uongo mtupu, na wao wote wanne wakainama wakaandika, kwa sababu ndio ulikuwa ushahidi waliokuwa wanautafuta. Mwishowe nikawekwa kwenye kipindi cha majaribio. Nikifanya vizuri watanifikiria.

Nikarudi nyumbani nimejawa na hasira, nikamweleza mke wangu yote, kila neno, nikitegemea angalau mtu mmoja duniani aseme "pole." Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na kuhusu kuguna walisema?" Nilipomwambia walisema, akaomba nakala.

7. Kiti changu wamekihamishia uani. Sina la kuongeza hapo.

Mkuu, baada ya kutafakari kwa muda mrefu nikiwa nimeinama, nimeona tatizo si watu wangu. Tatizo ni hesabu yenu. Kila mwaka mnatoa viongozi, tena kwa maelfu, kwa simu, mpaka vichochoroni. Je, wanaoongozwa mnawatoa wapi? Mimi sijaona tangazo. Tukiendelea hivi itafika siku nchi nzima imekaa kikao, na itabidi tuagize waongozwaji kutoka nje kwa meli, na hao nao tutawakuta bandarini wanasoma kozi yenu wakati wa kupakuliwa. Kwa sababu hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo:

Kwanza, chuo kifungue haraka Cheti cha Kuongozwa. Masomo nimekwisha kuyapanga, msihangaike. Mwanafunzi aanze na Kusikia, aje Kuinuka, kisha Kubeba Kilicho Mbele Yako. Kuwe na somo la hiari la Kunyamaza, kwa wenye kipaji. Mtihani wa vitendo ufanyikie dukani kwangu. Nitatoa mabeseni na mashuka ya hoteli bure kabisa, kama mchango wangu kwa elimu.

Pili, vyeti vyenu viwe vinafanya kazi jioni, duka likishafungwa. Mchana viwe karatasi tu.

Tatu, nitolewe kwenye somo. Na kama ni lazima nibaki, basi kwenye ile slaidi yenye mchoro wangu nipunguzwe tumbo. Breki ameniambia mmenichora na tumbo.

Nisipojibiwa nitachukua hatua kali. Nitapakia makapu yote ya nguo chafu nije nayo hapo chuoni, niyamwage mlangoni, ili nione kama walimu wenu wana mikono.

Naomba kuishia hapo kwa leo, kwani maji yamejaa na yataanza kumwagika. Msalimie yule mama wa benki, mwambie sina kinyongo naye, sauti yake ni nzuri. Msalimie mwanafunzi aliyeomba nirudie. Msalimie anayezima na kuwasha sauti za watu, na umwambie siku ile alizembea. Wasalimie wote wenye tai, na kama chuo cha mtandaoni kina mlinzi wa geti, naye msalimie.

Ndimi wako, mwenye mikono iliyojikunja kwa maji,
Mwenye Duka (kwa majaribio).

Nakala: Mke wangu, kwa ombi lake.

Nyongeza: Mkuu, tafadhali sana, barua hii usiifanyie kazi. Ningeichana lakini nimeandika kurasa nyingi na roho inaniuma.

Nilipokuwa natafuta bahasha aliingia mwenye duka jipya la dobi lililofunguliwa ng'ambo ya barabara, lenye milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Akasema amesikia ninavyosumbuliwa na watu wangu, akaona anipunguzie mzigo. Anawataka wote wanne. Kila mmoja atapewa ofisi, mezani jina lake, na kiti cha kuzunguka. Yaani ni kama alikuwa amesoma barua hii kabla yako, akaamua kunisaidia.

Nikasikia mtu anapiga kelele, "Hawaendi popote!" Kumbe ni mimi.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hilo si lako kuamua peke yako," na wakaingia chumba cha nyuma wakafunga mlango. Nilikwenda kusimama uani. Nilitoa nguo kambani, nikazianika tena zilezile. Nilijaribu kujiona asubuhi nafika, nasema "Jamani," na hakuna jamani.

Walipotoka, mpwa wangu akamwendea yule bwana akamwambia kwa adabu zote, "Tunashukuru, baba, lakini tumeuliza. Kule kwako kila mtu ana cheti, mpaka anayefagia. Sasa sisi tukija tutamwongoza nani?"

Na Mama Mikunjo akanionyesha kwa kidevu, akaongeza, "Halafu huyu tumwachie nani?"

Yule bwana akaondoka, milango yake ikamfungukia. Mzee Sabuni akasema kikao kimefungwa. Mimi nilitaka kusema jambo zuri, jambo la kiongozi, nikaguna. Basi nikarudi nyuma nikajaza maji, nikapanda juu ya ndoo, nikayavua mapazia ya duka langu mwenyewe ambayo hakuna mteja aliyeyaleta wala meneja aliyeyasema, nikayafua yote, na ya dirisha la choo.